Jumla: Jina Letu, Nyongeza za Watu, na Amana ya Picha ya Bi Harusi



Leo hatuzungumzii singo wala hina. Tunazungumzia tovuti, na historia yake. Usiondoke, bi harusi, maana mazungumzo haya huenda yanakugusa wewe kuliko hata sisi wenye biashara. Siku hizi mwanamke anayeshona, anayechora piko, anayepamba ukumbi au anayepika biriani ya walima anahitaji mahali pa kuonyesha kazi yake mtandaoni. Na kazi zetu nyingi hazionyeshwi juu ya meza. Zinaonyeshwa juu ya mwili wa mtu: mkono wenye piko, kichwa chenye mapambo, uso wa bi harusi siku aliyopendeza kuliko siku zote. Picha ile si mali yetu. Tumepewa tuitunze.

Wengi wetu tovuti tumetengenezewa na kijana anayejua kompyuta. Ukimuuliza ameitengeneza kwa kitu gani, atakujibu Joomla, au WordPress, kisha ataongeza: "Nimekuwekea na vitu vingine humo ndani." Hivyo "vitu vingine" ndivyo tunavyotaka kuvijua leo. Vilitoka wapi? Nani alivitengeneza? Kwa nini kitu kile kile kinaweza kuipamba tovuti yako, na siku nyingine kikaufungua mlango wako usiku wewe umelala? Tutaifuata zaidi historia ya Joomla, kwa sababu ni programu ambayo jina lake limetoka katika lugha yetu wenyewe.

Kabla ya Jumla palikuwa na Mambo

Zamani kila ukurasa wa tovuti uliandikwa peke yake kwa mkono. Ukitaka kubadilisha namba ya simu katika kurasa 30, unafungua kurasa 30. Ni sawa na kukata kila gauni upya bila pateni. Ndipo ikaja mifumo ya kuendesha tovuti: maneno yanahifadhiwa sehemu moja, sura ya tovuti inawekwa sehemu nyingine, na mwenye tovuti anaandika habari zake kama anavyoandika barua pepe, bila kugusa msimbo wa kompyuta.

Mmoja wa mifumo hiyo uliitwa Mambo. Ulianzia Australia mwaka 2000, kwenye kampuni iliyoitwa Miro, na mwaka uliofuata ukatolewa kama programu huria. Programu huria maana yake msimbo wake uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Leseni yake, inayoitwa GPL, ina sharti moja zito: ukiugawa kwa wengine, nao uwaachie ruhusa ile ile uliyopewa wewe. Kidogo inafanana na kisima cha wakfu, ambacho aliyekichimba hawezi kurudi kesho akawafungia watu maji. Tunasema inafanana tu, maana wakfu una masharti yake katika sheria yetu.

Mambo ikapendwa, na watu wa nchi mbalimbali wakajitolea kuijenga. Mwaka 2005 kampuni ikaunda taasisi ya kuisimamia. Wale wajenzi wakalalamika kwamba hawakushirikishwa inavyostahiki, na kwamba kampuni ilikuwa inajiwekea mamlaka makubwa juu ya kazi ya watu wengi. Tarehe 17 Agosti 2005 timu nzima ya wajenzi wakuu ikajitoa. Mmoja wa viongozi wao, Andrew Eddie, akaandika barua ya wazi kueleza sababu.

Hapa pana somo la biashara. Jina "Mambo" lilikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo walipoondoka hawakuweza kulichukua. Lakini msimbo ulikuwa huria, na huo walikuwa na haki ya kuondoka nao. Basi wakaondoka na kazi yao bila jina. Wakaunda shirika lisilo la faida, Open Source Matters, wakaomba watu wapendekeze jina jipya. Lililochaguliwa ni neno la Kiswahili, jumla, likaandikwa "Joomla" ili msomaji wa Kiingereza alitamke karibu na sisi tunavyolitamka. Walilipenda kwa maana yake: wote pamoja, kitu kizima.

Neno hilo sisi tulilipata kwa Waarabu, ambao mpaka leo wanalitumia kwa hesabu iliyokusanywa na pia kwa sentensi katika sarufi. Nasi tukalipeleka dukani, tukauza kwa jumla na rejareja. Kumbe lilikuwa na safari nyingine mbele yake. Toleo la kwanza, Joomla 1.0, lilitoka Septemba 2005, na ndani yake karibu lote lilikuwa ni Mambo ile ile iliyovishwa jina jipya. Mambo yenyewe ikafifia baadaye, maana waliokuwa wanaijenga walikwishaondoka.

Nyongeza ni nini hasa

Joomla ukiipakua ilivyo ni gauni lililoshonwa vizuri, lakini bado halijatiwa lesi. Linavalika, na wapo wanaotosheka nalo. Ukitaka zaidi unatafuta nyongeza. Nyongeza nyingi haziandikwi na watu wa Joomla. Zinaandikwa na mafundi wengine, kila mmoja kwake: mwengine ni kampuni, mwengine ni mtu mmoja anayefanya kazi usiku watoto wakishalala.

Nyongeza ziko za aina tano, na aliyekaa kwenye cherehani atazielewa haraka.

Komponenti ni kazi kubwa inayokaa katikati ya ukurasa, kwa mfano duka zima lenye bidhaa, bei na kikapu. Hilo ni gauni lenyewe. Moduli ni kisanduku kidogo cha pembeni, kama kalenda ya nafasi zilizobaki au orodha ya mitindo mipya. Huo ni mfuko, au ua la kifuani. Plagini haionekani kabisa. Inafanya kazi chini kwa chini kila kitu kinapotokea, kama bitana: hakuna mgeni anayeisifu, ila bila yake gauni haliangukii vizuri. Templeti ni sura ya tovuti, yaani rangi, herufi na mpangilio. Aina ya tano ni lugha.

Enzi za Mambo hizo plagini ziliitwa "mambot", jina lililotokana na Mambo yenyewe, na Joomla 1.0 iliendelea nalo. Toleo la 1.5 lilipotoka Januari 2008 ndipo likaachwa, zikaitwa plagini. Toleo hilo ndilo pia lililotengeneza vizuri kurasa za lugha zinazosomwa kulia kwenda kushoto, Kiarabu kikiwemo. Kwa wanaotengeneza kadi na mialiko ya nikahi yenye maandishi ya Kiarabu, ile haikuwa nyongeza ndogo.

Baadhi ya nyongeza zina umri mkubwa kuliko jina la Joomla. VirtueMart, inayoigeuza tovuti kuwa duka, ilianza enzi ya Mambo kwa jina la mambo-phpShop. Nyingine iliyojulikana sana ilianza kwa jina la JoomlaPack. Kazi yake ni kuifunga tovuti nzima, maneno, picha na hesabu zake, ikawa furushi moja unaloweza kulifungua mahali pengine tovuti ikiharibika. Leo inaitwa Akeeba Backup. Litamke polepole jina hilo mbele ya bibi yako, naye atakwambia: akiba, mwanangu, na akiba haiozi.

Joomla ikaweka orodha rasmi ya nyongeza ili watu wasiokote njiani. Tangu 2009 orodha hiyo inapokea zenye leseni ya GPL tu. Lakini shoga, huria si lazima iwe bure. Mafundi wengi wanatoza ada ya kupata masasisho na msaada, na hiyo ni halali yao kwa jasho lao.

Nyongeza inapokufunga miguu

Historia inatuonyesha pia uzito wake. Msingi wa Joomla ulipobadilika katika toleo la 1.5, nyongeza za zamani ziliwekewa njia ya muda ya kuendelea kufanya kazi. Toleo la 1.6, Januari 2011, likaiondoa njia hiyo. Wenye tovuti wengi wakakwama. Kiini kipya kipo tayari na kina usalama zaidi, lakini nyongeza wanayoitegemea, ya duka au ya picha, fundi wake hajaileta upya, au ameacha kazi kabisa. Wakabaki kwenye 1.5 hata baada ya msaada wake kukoma mwaka 2012, wakikaa katika nyumba ambayo hakuna tena anayeziba paa lake.

Joomla wenyewe wakajifunza. Tarehe 17 Agosti 2021, siku ile ile waliyojitoa miaka 16 nyuma, walitoa matoleo mawili kwa mpigo. Moja lilikuwa 4.0, kubwa na jipya. Jingine lilikuwa 3.10, la kuwavusha watu kutoka la 3 kwenda la 4. Ndani ya 3.10 waliweka ukaguzi unaokuonyesha, kabla hujahama, nyongeza zako zipi ziko tayari na zipi bado. Majina yake? Lile la kuvusha waliliita Daraja, na lile jipya wakaliita Furaha. Oktoba 2023 yakaja tena mawili pamoja: 4.4 likaitwa Pamoja, na 5.0 likaitwa Kuinua. Yote ni Kiswahili. Sisi tulipoyaona tulicheka kwa raha.

Nani anaruhusiwa kuona?

Sasa tufike kwenye moyo wa habari. Aya ya 31 ya Suratun-Nur inataja kwa orodha watu ambao mwanamke anaweza kuwadhihirishia mapambo yake. Ni orodha, dada zangu, wala si "yeyote mwenye intaneti". Bi harusi anayekubali kupigwa picha kwa sababu ameambiwa wataona wanawake tu, ametuwekea sharti linalotokana na orodha hiyo. Je, tovuti inaweza kulitunza sharti hilo?

Mwanzoni Joomla ilikuwa na ngazi tatu tu za kuona: kila mtu, waliojiandikisha, na wale wanaoandika au kusimamia tovuti. Usingeweza kutenga sehemu ya wateja wanawake uliowathibitisha mwenyewe, mbali na wauzaji wa vitambaa ambao nao wamejiandikisha. Aliyejiandikisha, amejiandikisha. Waliotaka zaidi walitafuta nyongeza ya kuongeza ngazi. Mahitaji yakawa mengi, na toleo la 1.6 likaileta kazi hiyo ndani ya kiini chenyewe: unaunda makundi unayotaka, na kila ukurasa unauambia ni kundi gani litauona. Kwa hiyo kilichokuwa nyongeza jana, kimekuwa msingi leo. Mambo mengi katika mifumo hii yamekua hivyo.

Lakini tahadhari, na hili tunaomba msilipite. Ukifunga ukurasa, umefunga ukurasa. Hujaifunga picha. Katika mpangilio wa kawaida wa Joomla picha zinakaa kwenye folda ya picha ambayo iko wazi. Mwenye anwani kamili ya faili lile anaweza kulifungua bila kuingia popote, hata kama ukurasa wake umefungwa. Umeufunga ukumbi, lakini albamu umeiacha barazani. Kulitunza sharti la bi harusi kunahitaji nyongeza inayohifadhi mafaili mahali palipofungwa na kumkagua mgeni kila anapoomba kuona faili moja moja.

Ni rahisi kujijaribia. Ingia kwenye tovuti yako, nakili anwani ya picha iliyofungwa, kisha ifungue kwenye simu nyingine ambayo haijaingia. Picha ikitokea, ujue iko wazi kwa dunia nzima, hata kama juu ya ukurasa umeandika "wanawake tu" kwa herufi za dhahabu.

Kila nyongeza ina ufunguo

Nyongeza ukishaiweka, inafanya kazi ndani ya nyumba na si nje ya dirisha. Mara nyingi inaweza kusoma kila kilichomo. Kwa hiyo suala la nani ameitengeneza, na nani anaimiliki leo, si umbea.

Kisa kinachotufundisha zaidi kinatoka kwa jirani wa Joomla, WordPress. Yenyewe ilianza tarehe 27 Mei 2003, na plagini zikaingia katika toleo lake la 1.2 mwaka 2004. Huko palikuwa na plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 200,000. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kuchagua visanduku vya pembeni vionekane ukurasa gani. Mwaka 2017 ikauzwa. Mmiliki mpya akatoa masasisho yenye mlango wa siri uliomwezesha kuingiza matangazo yake katika tovuti za watu. Na alikuwa mjanja: mwenye tovuti akiingia mwenyewe, matangazo hayaonekani. Wageni tu ndio waliyaona. Ikaondolewa kwenye orodha rasmi, ikarudi, ikaondolewa tena, mpaka Septemba 2017 ikaondolewa moja kwa moja.

Tazama hapo. Wenye tovuti walisasisha kama walivyoshauriwa. Plagini ilikuwa ile ile na jina lile lile, ila mwenyewe amebadilika. Ni kama kumpa ufunguo shoga yako unayemwamini, naye akahama akamwachia ufunguo mtu usiyemjua, bila kukuambia.

Na kiini chenyewe hakijasalimika. Oktoba 2016 Joomla ilitoa haraka toleo la 3.6.4 kuziba tundu baya: mtu wa nje aliweza kujiandikisha hata kama usajili umefungwa, na kujipa cheo kikubwa ndani ya tovuti. Ndani ya siku chache wadukuzi walikuwa wanazipiga hodi tovuti ambazo hazijasasishwa. Wenye makundi yao ya "wanawake tu" na usajili uliofungwa walidhani wako salama. Waliosalimika ni waliowahi kusasisha.

Tufanye nini, basi?

Wewe mwenye biashara, omba kwa kijana wako orodha ya nyongeza zote zilizomo, kwa maandishi. Kila moja jiulize inafanya kazi gani, imesasishwa lini mara ya mwisho, na mwenyewe ni nani sasa. Joomla ina orodha ya hadhari ya nyongeza zilizokutwa na kasoro za usalama, basi iangaliwe. Isiyo na kazi iondolewe kabisa, maana kuizima si kuiondoa. Mafaili yake yanabaki kwenye seva. Nyongeza chache zinazotunzwa ni bora kuliko nyingi zilizoachwa, kama nguo: ushanga ukizidi, kitambaa kinachanika.

Nakala ya akiba ichukuliwe kabla ya kila sasisho na isiachwe kwenye seva ile ile. Na ukumbuke kwamba furushi lile lina picha zote za wateja ndani yake. Litunze kama unavyozitunza picha zenyewe. Maneno ya siri ya juu kabisa yawe mkononi mwako, si kwa fundi peke yake.

Nawe bi harusi, usione haya kuuliza kabla hujakaa mbele ya kamera. Picha zangu zitakaa wapi? Nani ataziona? Nikitaka ziondolewe baada ya miezi sita, zitaondolewa na kwenye nakala za akiba pia? Anayejua kazi yake hatokasirika. Akikujibu "usijali", hajakujibu. Na ujue kwamba hakuna nyongeza duniani inayoweza kumzuia mtu kupiga picha ya skrini, kwa hiyo ile ambayo moyo wako hautaki ionekane kabisa, isiwekwe mtandaoni kabisa.

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Joomla imejengwa na watu wasiojuana, kila mmoja akileta kipande chake, na jina lililowakusanya wamelitoa kwetu. Tulitumie kwa maana yake. Tovuti ni jumla ya kiini, nyongeza, fundi, mwenye biashara na mteja aliyetuamini, na ikilegea sehemu moja, anayefedheheka ni yule wa mwisho ambaye hakuwa na ufunguo wowote.

Mwenyezi Mungu atusitiri na azibariki biashara zetu, na kila bi harusi anayesoma hapa ajaaliwe ndoa yenye utulivu na mapenzi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.